Ukoo Wetu na Saratani: Maswali Yanayotangulia Kipimo

(Hotuba iliyosomwa Musoma mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliponitaka niseme machache juu ya afya, nilijibu kwamba mimi si daktari. Chuo Kikuu nilisoma utawala, na kazi niliyoajiriwa na Serikali ni ya majalada: kuyafungua, kuyatunza, na kuyatafuta yanapopotea. Katibu akaniambia kwamba madaktari wamekwisha zungumza miaka mitatu mfululizo, na safari hii wanamtaka mtu wa masjala. Basi nitasema kama mtu wa masjala. Nimekuja kuzungumza juu ya saratani zinazotembea katika ukoo, na jinsi mtu wa Musoma, Bunda au Butiama anavyoweza kupata ushauri nasaha na kipimo cha kujua kama yeye na wanawe wamo hatarini. Rai yangu ni moja, nami naitoa mapema ili atakayesinzia baada ya chai awe amekwisha isikia: kinachotukosesha huduma hii kwanza si mashine. Tumekosa mtu wa kutuuliza maswali, na koo zetu haziko tayari kuyajibu.

Kwanza tutenganishe mambo. Wengi wa rika langu tulikuwa bado shuleni tarehe 14 Oktoba 1999, Rais Mkapa alipolitangazia Taifa kwamba Mwalimu amefariki London kwa saratani ya damu. Tangu siku ile ni vigumu mtu wa Mara kusema kwamba saratani ni laana ya watu fulani. Lakini swali lingine limebaki vinywani mwetu kila msiba unapotokea: je, ni ya kurithi? Jibu ni kwamba saratani nyingi hazirithiwi. Wataalamu hukadiria kuwa katika kila wagonjwa 100, kama 5 hadi 10 ndio waliozaliwa na kasoro ya urithi iliyowaelekeza huko. Saratani ya shingo ya kizazi, inayowasumbua mno wanawake wa nchi hii, huletwa na virusi, na chanjo yake imekuwa ikitolewa kwa wasichana nchi nzima tangu mwaka 2018. Vijana wenye dada nyumbani, waulizeni kama wamechanjwa.

Mkoa wetu wenyewe una somo la pekee katika jambo hili. Uvimbe wa taya unaowapata watoto, ambao Daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda, ulijulikana sana pia upande wa kaskazini wa mkoa. Kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini, yaani Tarime na Rorya za leo, walipewa vidonge vya klorokwini ili ionekane kama malaria ikipungua na uvimbe ule utapungua. Malaria ilipungua mwanzoni, kisha ikarudi. Uvimbe nao ulipungua, ila ulikuwa umeanza kupungua kabla ya vidonge kugawiwa, hivyo jibu halikukamilika. Miaka ya karibuni utafiti mwingine umekusanya damu za watoto wa Uganda, Kenya na Tanzania, na Shirati ilikuwa tena miongoni mwa vituo. Nayataja haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndugu wawili wa nyumba moja wakiugua uvimbe ule, jirani atasema ni ukoo, kumbe wameumwa na mbu wa kando ya ziwa lile lile na kubeba virusi vile vile. Waliokaa pamoja huugua pamoja, hata kama damu yao haina kosa. Ya pili nitaifikia mbele.

Sasa tuje kwa zile chache zinazorithiwa. Kila aliyepita katika madarasa haya anazikumbuka njegere za Mendel, na wengine mnazikumbuka kwa uchungu wa mtihani. Chembe ya urithi, ambayo siku hizi twaiita jeni au kinasaba, huja mbili mbili, moja ya baba na moja ya mama. Zipo jeni ambazo kazi yake ni kulinda mwili usiote uvimbe. Mtoto akizaliwa na moja iliyoharibika, mlinzi amebaki mmoja, na huyo mmoja akianguka saratani hupata mlango. Mzazi mwenye jeni hiyo mbovu humpa kila mtoto kwa nafasi ya nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi juu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni saratani ya jicho la mtoto mdogo. Mboni yake hung'aa nyeupe, kama jicho la paka likimulikwa usiku, na mara nyingi mama ndiye wa kwanza kuiona, wengine huiona katika picha ya simu. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1986. Ikishika macho yote mawili, ujue ni ile ya kurithiwa, hata kama baba na mama hawajawahi kuugua, kwa maana kasoro yaweza kuanza na mtoto huyo. Akipona, akakua, akaoa, kila mtoto wake ana nafasi ya nusu ya kuwa nayo. Hapa ushauri wa ukoo unaokoa uhai waziwazi: mdogo wake huchunguzwa macho tangu kuzaliwa, na uvimbe ukionekana ungali kama punje ya mtama, jicho laweza kuokolewa, na uhai zaidi. Bila ushauri, yule mdogo huletwa hospitali akiwa na umri ule ule aliokuwa nao kaka yake, jicho likiwa limekwisha tokeza nje.

Mfano wa pili ndio unaotuhusu sisi wanaume tuliojaa ukumbi huu. Jeni mbili zijulikanazo kwa majina ya BRCA1 na BRCA2, zilizotambuliwa mwaka 1994 na 1995, zikiharibika humweka mwanamke katika hatari kubwa: kama nafasi 70 katika 100 za kupata saratani ya matiti kabla ya miaka 80, na kwa saratani ya ovari kama 44 kwa jeni ya kwanza na 17 kwa ya pili. Watu husema matiti ni jambo la kina mama, kwa hiyo urithi wake umfuate mama. Si kweli. Mwanamume huibeba jeni hii sawasawa na mwanamke, aghalabu bila kuugua, akaipitisha kwa binti yake. Naye mwenyewe hatari yake ya saratani ya tezi dume huongezeka, hasa kwa ile BRCA2, na mara chache hupata hata saratani ya titi. Daktari akimwuliza binti, "Mama yako au mama mkubwa aliwahi kuugua?" naye akajibu hapana, swali limeulizwa nusu. Nusu nyingine iko kwa mashangazi. Na mashangazi ndio tunaowapoteza katika hesabu. Wakiolewa huondoka, huchukua majina mengine, huzikwa kwingine, na sisi huenda kuwazika, tukala, tukarudi na usafiri wa jioni bila kuuliza alikufa kwa nini.

Mwenzetu mmoja wa darasa langu, aliye ukumbini humu, ameniruhusu niseme habari zake pasipo jina. Dada yake alifariki kwa saratani ya matiti akiwa na miaka 41. Shangazi yake mkubwa alifariki ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, kwa ugonjwa huo huo. Shangazi wa pili alifia kijijini upande wa Bunda kwa kile kilichoitwa uvimbe wa tumbo. Kwa mtu wa masjala hayo ni majalada matatu katika ofisi tatu, kwa majina matatu ya waume watatu, na hakuna karani aliyepata kuyafunga kwa uzi mmoja. Katika karatasi za dada yake, palipoandikwa "historia ya ugonjwa katika familia", pamejazwa neno moja: hakuna. Aliyejaza hakusema uongo. Aliulizwa kwa haraka, mlangoni, watu wakiwa foleni, naye akafikiria mama yake tu. Mwenzetu huyu ana mabinti watatu.

Na hapa pana jambo ambalo watu wengi, hata wenye elimu, hawalifahamu. Kipimo cha vinasaba vya ukoo huanza kwa mgonjwa, si kwa mzima. Ukimpima binti mzima ukakuta hana kasoro, hujui kama ameepuka ile ya ukoo au kama kasoro ya ukoo wake iko mahali ambapo kipimo hakikutazama. Ukimpima kwanza yule aliyeugua ukaikuta, basi unajua unachokitafuta kwa wengine wote, na jibu lao huwa la ndiyo au hapana. Kwa hiyo ukoo unapozika mgonjwa wake wa mwisho bila damu yake kutunzwa, unazika na jibu. Kwa mwenzetu huyu amebaki mmoja: binti wa yule shangazi mkubwa, anayetibiwa sasa saratani ya ovari.

Mtauliza, kwa nini basi hapimwi? Mkoani kwetu hakuna dirisha la huduma hii. Mgonjwa wa saratani wa Musoma huandikiwa rufaa kwenda Bugando, safari ya zaidi ya kilomita 200 kupitia Bunda, Lamadi na Magu. Na akihitaji zaidi, huenda Ocean Road, Dar es Salaam. Huko nako madaktari wana foleni ya watu wanaohitaji mionzi na dawa leo, na ushauri wa urithi unaomba saa nzima ya kukaa na kuchora ukoo. Siwezi kumlaumu daktari asiyeikata saa hiyo. Ila nasema saa hiyo si lazima iwe ya daktari bingwa, wala si lazima ipatikane Mwanza.

Kikwazo kingine tumekibeba wenyewe. Mtajie mtu wa Butiama au wa mtaa wa Nyasho neno "kupima DNA", atafikiri jambo moja tu: nani baba wa mtoto. Magazeti ndiyo yaliyotufundisha hivyo. Kwa hiyo ukiwaita ndugu saba watoe damu kwa ajili ya vinasaba, wake zao watatazamana. Na katika mkoa wetu jambo hili lina kina zaidi. Ninyi wa Tarime mnaijua nyumba ntobhu, ambapo mwanamke mwenye mali, asiye na mtoto wa kiume, hutoa ng'ombe akaoa mwanamke, na watoto wanaozaliwa huwa wa nyumba yake. Hata kwingine mkoani, ng'ombe wa mahari ndio walioamua mtoto ni wa nani kabla ya damu kuulizwa. Mila hiyo ina heshima yake na sikuja kuihukumu. Lakini jeni haihesabu ng'ombe. Anayechora ukoo kwa ajili ya saratani lazima ajue nani alizaa, naye lazima aulize kwa namna isiyovunja nyumba ya mtu: faraghani, mmoja mmoja, kwa lugha wanayoielewa, baada ya kueleza kwamba hatafuti baba bali anatafuta njia ya ugonjwa. Mtaalamu wa kigeni mwenye vyeti vyote hataliweza hili kama atakavyoliweza muuguzi aliyezaliwa Kiabakari.

Ndiyo maana nasema maneno hutangulia kipimo. Mnasihi hueleza kabla damu haijatolewa kwamba majibu yako matatu. La kwanza, kasoro ipo. La pili, haipo. La tatu, ambalo huwachanganya watu, ni badiliko lisilojulikana maana yake. Jibu hili la tatu huwapata Waafrika mara nyingi kuliko Wazungu, kwa sababu daftari la kulinganishia duniani limejazwa zaidi na damu za Wazungu. Si kwamba sisi hatuna ugonjwa huu. Huko Nigeria, wanawake 1,136 wenye saratani ya matiti walipopimwa, na matokeo kutolewa mwaka 2018, karibu 15 katika kila 100 walikutwa na kasoro ya urithi. Na hii ndiyo sababu ya pili ya kuwatajia Shirati. Damu ya Mara imekwisha safiri kwa ajili ya elimu ya dunia tangu baadhi yetu hatujazaliwa. Si jambo geni kwetu, na isiwe geni kwetu kudai jibu lirudi mpaka nyumbani kwa aliyetoa damu.

Wapo wanaouliza kujua kutasaidia nini. Mwenye kasoro ya BRCA akishamaliza kuzaa aweza kushauriwa kuondolewa ovari kabla saratani haijaanza, na upasuaji huo haukuja jana. Matiti yake yatachunguzwa mapema na mara kwa mara. Nakiri kwamba kipimo bila huduma inayofuata ni ukatili, na asiyeweza kumpeleka mtu kwenye upasuaji asimpe barua ya kumtisha. Lakini huduma hizo nyingine zinajengwa. Hospitali ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, iliyokaa miongo mingi ikiwa magofu, inahudumia watu leo.

Kuhusu fedha, kipimo hiki kilikuwa kikiuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 3,000 wakati kampuni moja ilipokuwa na hataza juu ya jeni zile. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba jeni kama ilivyo katika mwili wa mtu haiwezi kuwa mali ya kampuni, na bei ikaanguka hadi dola mia chache. Bado ni nyingi kwa mvuvi wa Bwai, lakini si zile za kukata tamaa. Tena anayepimwa kwanza ni mmoja kwa ukoo, na hao wanaofuata gharama yao ni ndogo zaidi, maana kinachotafutwa kinajulikana.

Nchi hii ilikwisha fanya jambo gumu kuliko hili. Vituo vya Angaza vilipoanza mwaka 2001, nani aliamini kwamba mkulima ataingia chumbani na mtu asiyemjua, ajadili mambo ya ndani kabisa, atoe damu na kusubiri jibu? Tulifundisha wanasihi, wakatapakaa hadi kwenye zahanati. Damu za watoto wachanga zilikaushwa juu ya karatasi vijijini zikapelekwa Bugando kupimwa. Wanasihi wale wangalipo katika hospitali zetu, na njia ile ya kusafirisha damu tunaifahamu. Wafundishwe kuchora ukoo wa vizazi vitatu na kutambua dalili za kutilia maanani: saratani ya matiti kabla ya miaka 50, saratani ya ovari katika umri wowote, mwanamume mwenye saratani ya titi, ndugu wawili au watatu wa upande mmoja wenye ugonjwa mmoja, mtoto mwenye uvimbe wa macho yote mawili. Na waambiwe kwamba nchi yetu ina vijana wengi, hivyo wapo kina mama wengi wa chini ya miaka 50 wenye saratani ya matiti isiyo ya urithi. Umri peke yake hautoshi, ndiyo maana ukoo lazima uulizwe. Barua yenye mchoro huo ikienda Bugando pamoja na mgonjwa, ile saa nzima imekwisha okolewa.

Siri je? Mnajua jinsi wazee wanavyouchunguza ukoo kabla ya kutuma washenga. Ukoo ukiitwa wa saratani, mabinti wake watakaa nyumbani. Sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009 inasimamia nani achukue sampuli na ipelekwe wapi, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti. Sheria ni nzuri. Lakini nimefanya kazi masjala miaka ishirini, na najua siri nyingi hutoka kwa jalada lililoachwa wazi mezani wakati wa chakula cha mchana.

Kwa hiyo karatasi niliyoitayarisha, ambayo daktari mmoja wa mkoa ameipitia, haikusanywi na mtu yeyote. Ina masanduku ya vizazi vitatu, upande wa baba na upande wa mama, na nafasi ya kuandika ugonjwa, umri alipougua, na mahali alipotibiwa. Vijana, mkienda likizo kaeni na bibi. Msianze na magonjwa. Anzeni na majina ya mashangazi na walikoolewa, magonjwa yatakuja yenyewe katika masimulizi. Karatasi ibaki nyumbani, ndani ya sanduku la hati za shamba. Msimpe mwalimu, msiipige picha na kuituma katika kundi la ukoo la simu. Atakayeona dalili nilizozitaja aipeleke hospitali yeye mwenyewe.

Mwisho ni ombi kwa mkutano. Chama chetu kina mfuko wa rambirambi, na katika kuzika hatuna mpinzani mkoani. Naomba sehemu yake iruhusiwe kulipia nauli na kipimo cha mgonjwa aliye hai, pale ambapo jibu lake litawafaa ndugu zake wengi. Jambo hili ni Namba 6 katika ajenda ya mchana, baada ya taarifa ya Mweka Hazina, na nawasihi wenye desturi ya kuondoka kabla ya Namba 5 wavumilie leo. Binti wa shangazi wa mwenzetu amekwisha kubali kutoa damu. Anarudi kliniki Jumatano. Karatasi ziko kwenye meza ya Katibu, karibu na mlango.